Sakafu ya Mbwa wa Maestro

Maestro hakuweza kuingia kwenye nyumba ya mtu bila kuipiga sakafu kisigino. Unamfungulia mlango, unanyoosha mkono umsalimie, yeye anakuacha na mkono hewani, anapiga kisigino mara moja, anatega sikio, ndipo anakupa mkono. Hukumu aliitoa kwa uso. Nyumba nyingi za Wakongo wa Brussels zilianguka mtihani huo, na yangu ilianguka vibaya kuliko zote. Nilikuwa nimetandika zulia jipya, nene, rangi ya maziwa, nikitegemea sifa. Alipiga kisigino, akasubiri, akapiga tena.

“Alto,” akaniuliza, “hapa chini ulizika muntu?”

Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Miaka yote niliyoimba chini ya kidole chake aliniita Alto, kama alivyomwita kila mtu kwa sauti yake: Soprano njoo hapa, Basse funga dirisha. Sisi nasi tukamwita Maestro, na jina lake halisi likabaki kwenye kengele ya mlango kwa faida ya mtu wa posta. Hata dereva wa basi la Evere alimwita Maestro. Yule bwana hakuwahi kumsikia akiongoza wimbo wowote. Alikuwa amemwona tu akiwapanga abiria kituoni kwa kimo, wafupi mbele.

Kwaya yetu ilikuwa ya watu wa Katanga na watu wa Kivu waliokutanishwa na baridi. Yeye alikuwa wa Lubumbashi, mimi wa Bukavu, na tulitaniana kuhusu hilo mpaka chai ikapoa. Aligomba kwa Kifaransa na kubembeleza kwa Kiswahili. Mgeni angeweza kudhani Kiswahili ndiyo dalili nzuri, lakini sisi tulijua: akikugombeza bado ana matumaini na wewe, akianza kukubembeleza ujue umeharibu kabisa.

Mfukoni mwa koti hakukosa vizibo vya soda. Alivishika kati ya vidole, akagonga navyo kinanda, kiti, dirisha la tramu, chochote kilichokuwa karibu, kutuonyesha mapigo. Mimi alinigongea zaidi ya wote, kwa sababu nilikuwa na kosa moja na alilitangaza mbele za watu kila Alhamisi.

“Alto, tu cours!” Unakimbia. “Bus iko inakuacha?”

Halafu lile neno lake: “On reprend.” Tunarudia. Alilitumia kwa kila kitu. Kwa daktari, sindano ilipokosa mshipa, alisema on reprend. Kwenye mazishi ya mzee wetu mmoja, jeneza lilipokwama mlangoni mwa kanisa, lilimtoka pia, na wabebaji, waliokuwa Basse watupu, wakarudi nyuma kwa utii wakaingia upya, wote kwa mguu wa kushoto. Na mtu huyu aliyejua nusu ya pigo alichelewa kila mahali, saa nzima, bila kuomba radhi. Saa ya ukutani hakuiamini.

Kuhusu mbwa alikuwa na kanuni moja: mbwa ni wa nje. Siku moja alishuka kwenye tramu vituo vingi kabla ya kwake, kwenye mvua, kwa sababu mama mmoja alikuwa amemkalisha mbwa kwenye kiti na yeye Maestro amesimama.

“Kwetu imbwa iko ya parcelle, ya kiwanja,” alituambia alipofika, maji yanamchuruzika. “Inalinda, inakula mabaki, inalala inje. Huku inavaa koti, inaenda kwa coiffeur kukatwa nywele. Bon. Basi siku moja itapiga kura.”

Nayasema haya ili mtu asije akadhani alikuwa mpenda wanyama.

Upande wa pili wa ukuta wake aliishi Madame. Alikuwa Mbelgiji mzee, mjane kama Maestro, mwenye mbwa mkubwa wa rangi ya majivu. Mazoezi ya sauti moja moja tuliyafanya sebuleni kwa Maestro, na Madame akawa anagonga ukuta kwa fimbo. Miaka mingi tuliamini anatufukuza. Maestro alivumilia, mwishowe akaagiza moquette, zulia lile la kubandika, akaifunika nyumba nzima, korido, ngazi na kipande cha ukuta. Yeye aliyeniuliza nimezika nani! Wiki ile ile Madame akaja mlangoni na fimbo yake, amekasirika. Alitaka kujua kwa nini tumeacha kuimba. Alikuwa akigonga, alisema, kwa sababu tulikuwa tunakimbia.

Maestro aligeuka, taratibu, akanitazama mimi.

Tangu siku hiyo alimheshimu Madame kuliko mchungaji. Walikunywa kahawa pamoja kila Jumanne, kwa Madame, kwa sababu kwa Madame kulikuwa na korido ndefu ya mbao na Maestro alisema ile ndiyo sakafu pekee ya mtaa mzima isiyodanganya. Mbwa alitembea huku na huko juu yake, kucha zinagonga. Jina lake lilikuwa Gaston. Maestro alishindwa kulitamka, maana mkuu wake wa kazi wa zamani kule Lubumbashi aliitwa Gaston, na mdomo wake ulikataa kumwambia Gaston akae chini. Kwa hiyo alimwita Monsieur, na kwa kuwa ni Monsieur, akamwambia vous, ile ya heshima, si tu ya kirafiki. “Monsieur, asseyez-vous.” Nilimsikia kwa masikio yangu.

Monsieur alikuwa kilema. Baiskeli ya mpeleka chakula ilimkanyaga mguu wa nyuma wa kushoto, na tangu hapo mguu ule ulichelewa kidogo kugusa chini. Mtu mwingine angeona mbwa anachechemea. Maestro aliona muziki.

“Sikiliza,” aliniambia, kidole juu. “Tok, tok, tok… tok. Ile ya mwisho inasubiri. Hii imbwa inajua kusubiri, Alto. Weye haujui.”

Kisha macho ya Madame yakazimika, yote mawili, na baadaye akaanguka bafuni, na binti yake anayeishi Uccle akampeleka kwenye nyumba ya wazee. Mbwa hawaruhusiwi huko. Mimi nahudumia wazee, nawajua wanavyofanya wakiingia mahali pale, lakini Madame alifanya lile ninaloliogopa kuliko yote: alifunga mdomo. Supu ikija anaisukuma. Hakulia wala hakulalamika. Maestro alipokwenda kumwona, alimwambia kwamba tangu alipopofuka nyumba yake ilikuwa ni kucha za mbwa kwenye mbao. Kwa zile alijua asubuhi imefika, mtu yuko mlangoni, jiko liko upande gani. Mahali pale, alisema, hapana kitu kinachotembea.

Maestro akaahidi papo hapo. Atamchukua Monsieur, na kila jioni saa ya supu atapiga simu, aiweke sakafuni, Madame amsikilize mbwa wake akitembea.

Binti hakukubali moja kwa moja. Nyumba yake ya Uccle ni ghorofa na ana mzio wa manyoya, kwa hiyo yeye asingeweza kumchukua, lakini alimjua Maestro kama bwana anayeshuka kwenye tramu kwa kumkwepa mbwa. Akasema mbwa akae kwa Maestro kwa muda, naye atakuja Jumapili fulani aone mahali mnyama anapolala. Daktari wa mbwa ametaka sakafu nzuri kwa ule mguu. Kama si nzuri, Monsieur atakwenda kwenye makazi ya mbwa wasio na wenyewe, na simu za jioni zimekwisha.

Ndivyo Maestro, adui wa mbwa wa koti, alivyoanza kutafuta sakafu.

Ndani haikuwezekana. Kwanza kanuni, mbwa ni wa nje. Pili moquette, iliyomeza kila hatua ya Monsieur kama vile anatembea juu ya mkate. Kwa hiyo alijenga banda nyuma ya nyumba, kwenye kile kibustani chake cha Evere, nguzo, wavu na paa la bati, na muuza duka mmoja akamshauri amwage changarawe chini, maji yapite. Akamwaga. Jioni akapiga simu, akaiweka chini, Monsieur akatembea. Tulisikia sauti ya Madame ikiuliza ni nani anakula biskuti. Halafu tukasikia sahani ikisukumwa.

Maestro alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, muda mrefu. Sijawahi kumwona mtu akiichukia changarawe namna ile.

Kwetu jambo likiwa zito linaundiwa kamati, na likishaundiwa kamati linazidi uzito. Kamati ya kwaya ilikaa saluni kwa Maman Présidente, mwenyekiti wetu, kwenye Galerie d'Ixelles, Matonge, mtaa wa Wakongo, katikati ya wateja waliosukwa nusu. Tulifungua kwa maombi. Kisha Maman Présidente akatangaza, bila kucheka, maana ni mama asiyecheka kwenye kikao, kwamba hoja ya leo ni pavement ya nyumba ya imbwa.

“Pavement, ndiyo chini,” alimfafanulia mteja mmoja wa Cameroun aliyekuwa anashangaa chini ya kofia ya mvuke.

“Tumwange simenti tu,” akasema Basse mmoja, fundi wa barabara. “Imbwa ya baba yangu Bukavu ililala mu matope miaka yote, na ilizaa vizuri.”

“Monsieur hatazaa,” akajibu Maestro.

“Mais Maestro, simenti iko propre, haina buchafu.”

“Simenti iko bubu. Na iko baridi, ule mukulu mwenzetu iko na mguu mubaya.”

Mkulu mwenzetu, yaani mzee mwenzetu, alikuwa mbwa. Hakuna aliyemsahihisha.

Alhamisi iliyofuata hatukuimba. Pasaka ilikuwa inakaribia na wimbo mmoja tulikuwa hatujui hata unaanzia wapi, lakini Maestro aliingia ukumbini na mfuko wa vifaa: kigae, kipande cha simenti, mpira mweusi ule wa kwenye kumbi za mazoezi, na majani ya plastiki. Akavipanga juu ya meza, akatuamuru tufumbe macho, akatoa vizibo vyake. Akavitembeza juu ya kila kimoja, tok, tok, tok… tok, akisimama kwa ule mguu. Tulipiga kura kwa mikono, macho yamefumbwa, watu wazima wenye watoto na kazi. Soprano walichagua kigae. Maestro alisema Soprano siku zote wanapenda kinachong'aa, na mvua ikinyesha Monsieur atateleza avunjike na mguu mzima. Mpira, ambao ndio daktari alioutaka, ulimeza kila kitu. Majani ya plastiki aliyanusa, akawaza mkojo, akayarudisha mfukoni.

“Hapa hapana sakafu,” akasema. Mchungaji, aliyepita kuchungulia mazoezi ya Pasaka, alituambia tuendelee vizuri na akafunga mlango.

Sasa nifike kwenye kosa letu sisi akina mama. Jumapili ya ukaguzi ilikuwa kesho, na sakafu ilikuwa bado changarawe. Maman Présidente alitukusanya. Mgeni anakuja, alisema, na mgeni hapokelewi juu ya mawe. Jumamosi asubuhi, Maestro akiwa sokoni, tukaingia kibustani kwa ufunguo aliokuwa nao Basse mmoja, tukasawazisha changarawe, tukatandika balatum. Kila Mkongo anaijua, ile plastiki ya sakafuni inayonunuliwa kwa kukatwa kwenye roli, na tulichagua ile yenye maua makubwa mekundu. Tukaongeza pazia dogo la kitambaa mlangoni. Nakiri banda lilipendeza, nami mwenyewe ningelala mle.

Maestro akarudi na Monsieur kamba mkononi. Monsieur akanusa ua la kwanza, akaingia. Miguu ikaondoka, kila mmoja na njia yake, akalala kifudifudi juu ya maua yetu, akalia kwa sauti nyembamba ambayo hatukujua kama mbwa mkubwa hivyo anayo.

Tulimsubiri Maestro apige kelele. Alimwinua Monsieur kwanza, akampapasa ule mguu mpaka mwisho. Ndipo akatugeukia.

“Ba maman,” akasema kwa Kiswahili, polepole, “asanti sana. Mulichoka sana. Asanti.”

Maman Présidente akaanza kulia. Tulijua maana yake.

Wakati huo, sisi tumesimama kama watu waliofiwa, ndipo kitu kilipoanguka barabarani upande wa mbele. Ubao. Halafu mwingine. Maestro aliinua kidole.

“Hiyo ni korido,” akasema.

Nyumba ya Madame ilikuwa imeuzwa. Wenye nyumba wapya walikuwa wanavunja ndani, na mafundi wao walikuwa wanatupa sakafu kwenye lile kontena la takataka lililoegeshwa mbele. Maestro alikimbia na ndara. Tulimkuta ameshapanda ndani ya kontena, suti yake ya sokoni imejaa plasta, anagonga ubao mmoja mmoja kwa kizibo na kuuweka sikioni. Mafundi walimwacha, mmoja alizima hata redio. Ubao uliotoka jikoni aliukataa, akaurudisha kwa heshima. Za korido alitupitishia, na kwaya nzima, mama na baba, tukazibeba kupitia mlangoni kwake, juu ya ile moquette, hadi nyuma. Basse wakakata mirunda ya kuziinua juu ya changarawe, wakaacha nafasi katikati ya ubao na ubao ili maji yapite. Kwenye kona ya kulalia Maestro mwenyewe alitandika ule mpira wa daktari. Giza lilipoingia Monsieur alipanda, akanusa, akanusa tena, kisha akaanza kutikisa mkia peke yake bila kuitwa na mtu.

Jumapili tulimpokea binti wa Madame kama tunavyopokea wajumbe wa mahari, kwa kuwa hatukuwa na namna nyingine ya kupokea mtu aliyekuja kuamua. Viti vilipangwa kibustani pande mbili. Tulivaa pagne, vitenge vya sare. Kulikuwa na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na makayabu, samaki wa chumvi. Basse mmoja alisimama kama msemaji wa familia akatoa hotuba kuhusu asili ya Monsieur, tabia yake na utayari wetu. Yule dada alikaa na koti lake la mvua, amekumbatia mkoba, akigeuza macho kutoka kwa msemaji kwenda kwa mbwa. Hotuba ilipokwisha tulipiga vigelegele. Akauliza, kwa adabu, kama anaweza kuona sakafu.

Alichuchumaa. Akagusa mpira wa kona, akatikisa kichwa kukubali. Akapeleka kiganja kwenye mbao, na kiganja kikasimama juu ya duara jeusi, alama ya chungu cha maua kilichokaa mahali pamoja miaka mingi. Akauliza mbao hizi zimetoka wapi.

“Mu container, Madame,” akasema Maestro. “Pardon. Balikuwa banazitupa.”

Monsieur akatoka kona yake akatembea hadi kwake, tok, tok, tok… tok. Yule dada akakaa chini, juu ya mbao zenye mvua, na koti lake zuri. Akatoa simu, akampigia mama yake, akaiweka juu ya mbao. Monsieur alikwenda na kurudi. Kisha tukasikia sauti ya Madame, kali kidogo, kama ya mtu aliye nyumbani kwake.

“Amefika jikoni. Si mtu amfungulie?”

Makazi ya mbwa hayakutajwa tena. Binti alikula bukari kwa mkono, akajichoma, akaongeza. Na Madame siku hiyo alikula supu, akaomba mkate.

Mtu angetegemea hadithi ya banda iishe hapo, lakini Maestro hakuwa mtu wa kuishia mahali pazuri. Majira ya baridi yalipoingia nilimkuta Monsieur amelala jikoni, ndani, chini ya radiateur, kile chuma cha kupasha nyumba joto, kichwa juu ya viatu vya Maestro. Nikamkumbusha kanuni.

“Kule iko kazini,” akanijibu, amekasirika. “Imbwa gani inalala ku kazi?”

Na kweli, kila jioni, saa ya supu ikikaribia, alikuwa anamvalisha Monsieur koti, naam, koti, na kumpeleka bandani. Monsieur alitembea zamu yake mbele ya simu, kisha wakarudi wote wawili ndani. Mvua au theluji, hawakukosa. Maestro, aliyechelewa hata kwenye harusi aliyoisimamia, hakuchelewa hata mara moja kwenye saa ya supu.

Mimi kazi ilinibana. Zamu zangu za kuhudumia wazee zilibadilishwa, Alhamisi zangu zikapotea, na nikatoka kwaya bila kuaga vizuri. Nilimsikia Maestro kwa watu tu: magoti yanamsumbua, Pasaka iliimbwa vizuri bila mimi, hakuna aliyekimbia. Baadaye nikasikia Monsieur amekufa, usingizini, chini ya ile radiateur. Nilimpenda yule mbwa, nakiri, na nilimpenda zaidi Maestro. Jioni moja nilitoka kazini na sare yangu, nikapanda basi la Evere na sahani ya maandazi niende kumpa pole.

Kengele haikujibiwa. Nikazunguka nyuma. Nikiwa nimeshika mlango wa kibustani nikasikia: tok, tok, tok… tok.

Nilisimama. Maandazi nusura yaende chini. Hatua zikaenda hadi mwisho wa mbao, zikageuka, zikarudi.

Nikachungulia. Maestro alikuwa amepiga magoti ndani ya banda, chini ya bati, kofia kichwani, vizibo vya soda vimefungwa kwa raba kwenye vidole vya mikono miwili. Alikuwa anatambaa ubao kwa ubao, akitembeza mikono mbele yake. Simu ilikuwa imelala pembeni, bado imezimwa.

Hakushtuka kuniona. Alionekana kama mtu aliyekuwa ananisubiri, nami ndiye niliyechelewa.

“Bonsoir Alto. Niko napasha vidole moto. Supu yake iko karibu.”

Nikamuuliza kama binti anajua. Akasema anajua, ndiye aliyemwomba. Siku mbili Madame hakusikia kitu, siku mbili sahani ilirudi imejaa. Daktari alikuwa tayari anazungumzia mrija wa kumlishia. Tangu Maestro aanze na vizibo, anakula.

“Mais niko na shida,” akaendelea, na kwa mara ya kwanza nikamwona mzee, mzee kabisa, plasta ya miaka yote imemwangukia usoni. “Mikono mbili, miguu ine. Ya mbele inaenda. Ya nyuma inanipotea. Ule mguu wa kushoto, wenye kusubiri, mi siusikiaki tena. Piga magoti.”

“Mimi, Maestro? Mimi mwenye kukimbia?”

“Uko mwingine hapa?”

Nikaweka maandazi juu ya ndoo, nikapiga magoti na sare yangu ya kazi. Alinifunga vizibo, kimoja kila mkono, akanipanga nyuma yake. Tukajaribu. Aligomba kwa Kifaransa, nikafurahi kusikia. Kisha akawasha simu, akaiweka juu ya ile alama ya chungu cha maua.

“Bonsoir Madame. Huyu anakuja.”

Tukatembea. Yeye mbele, mimi nyuma, tok, tok, tok. Nilisikia kijiko kikigusa sahani kule upande wa pili, na nikawa nahesabu moyoni, subiri, subiri, lakini magoti yaliuma, machozi yalinitoka, nikawaza Monsieur, nikawaza ile sahani, na mkono wangu wa kushoto ukaanguka kabla ya wakati. Ukaanguka tena. Tulifika mwisho wa mbao, tukageuka.

Kijiko kikanyamaza.

“Maestro,” akasema Madame, kwa kile Kifaransa chake cha taratibu. “Mbele ni wewe. Hii ya nyuma inakimbia. Ni Alto?”

Maestro aliangalia mbao. Kumbe Madame alikuwa anajua kwamba si Monsieur, pengine tangu jioni ya kwanza, na alikuwa amekula kila siku.

Kijiko kikagusa sahani tena.

“Bon,” akasema Madame. “On reprend.”

Tukarudia.